Mkwe wangu ameanza kupiga kanga usiku mtini. Nimwambieje?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mzaramo wa Kisarawe. Nimeoa Sikonge na sasa nafundisha hukuhuku kwa wakwe. Watani zangu wa Kinyamwezi wamenipokea vizuri, sina la kulalamika. Tatizo langu ni kanga. Ukicheka sitakulaumu.

Baba mkwe ni mkulima wa tumbaku na tangu ujanani ni mwindaji wa ndege. Ana shotgani yenye leseni, na kila msimu hukata kibali cha kanga na kwale kwa watu wa wanyamapori. Tulikuwa tunatoka alfajiri kwa miguu: yeye, shemeji zangu wawili, na mimi mbeba mfuko. Tunafuata ukingo wa mbuga saa ile kanga wanashuka kutafuta mchwa na punje. Akishapata wawili watatu anasema "turudi", hata kama kundi bado tunaliona. Wa kwanza humpelekea mwenye shamba tulilopita. Siku moja alimjeruhi kwale, akaingia kwenye kichaka cha miiba. Mzee alitutafutisha mpaka jua likawa kali, na hakufyatua tena hadi tulipompata.

Mwaka huu kaja mgeni. Ni mfanyabiashara wa Tabora mjini, ndiye anayemkopesha mzee pembejeo. Mwanzoni alikuja kutazama tu. Siku hizi anakuja na gari na kurunzi kubwa, anataka twende usiku kwenye mti wanapolala kanga, jirani na mahali ambapo mzee mmoja wa kijijini ametundika mizinga ya nyuki. Wanawamulika, kanga wanazubaa, mgeni anaichukua shotgani ya mzee na kufyatua kwenye tawi lililojaa. Wanaanguka kadhaa. Wengine wanarukia gizani na marisawa, zile punje za risasi ya shotgani, mwilini, na hakuna anayehangaika nao. Nilirudi pale asubuhi moja kabla ya vipindi, nikakuta mmoja amekufa na mwingine mzima, bawa linaning'inia, anakimbia na kuanguka. Na mzinga mmoja umetobolewa. Mwenyewe bado anauliza ni nani.

Mgeni huwapanga kanga juu ya boneti, anapiga picha na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, kisha anaondoka nao karibu wote. Anasema anawagawia rafiki zake. Shemeji mdogo anasema anawauza. Na juzijuzi, mchana, rafiki wa mzee, ambaye ana bunduki yake na kibali chake, alimvunja kwale bawa. Mgeni akawahi kummalizia na kumtia mfukoni. Waligombana pale hadi mzee akaona haya.

Mzee mwenyewe ananyamaza. Mimi ni mkwe, mbele yake hata kukohoa nakufikiria mara mbili. Naomba unisaidie. Je, nina haki ya kuudhika? Shemeji mdogo ananicheka, anasema kanga wanafukua mahindi yetu na ndege ni ndege tu. Nimwambieje mzee bila kuvunja heshima? Kwale yule alikuwa wa nani? Mke wangu siku moja ananiambia nikawaripoti wote TAWA, mamlaka ya Serikali ya wanyamapori, siku ya pili analia kwamba ni baba yake. Tena nimeanza kuwaza ninunue bunduki yangu niwinde peke yangu.

Mkwe wa Watu,
Sikonge

*

Marahaba mpwa wangu, na mwangaluka kwa watani wako.

Sikucheki. Nilifanya kazi ya bwana nyama mpaka nikastaafu, na barua za tembo zilikuwa rahisi kujibu kuliko za kanga. Kwa tembo kila mtu anajua kosa liko wapi. Kwa kanga watu wanaona ni kitoweo, na penye kitoweo kila mtu ana ruhusa aliyojipa mwenyewe.

Nianze na lisilosubiri. Usipande tena lile gari. Kuwinda usiku, kumulika kwa taa, kutumia gari, sumu, mitego na hata mbwa, vyote vimo katika mambo ambayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inayakataza kama huna idhini maalumu ya maandishi. Kibali cha mkweo ni cha mkweo, kwa ndege waliotajwa na idadi iliyoandikwa. Hakimfuniki mgeni wake, wala hakifuniki kanga wa juu ya boneti. Kanga aliyepatikana nje ya kibali ni nyara ya Serikali, na kesi za nyara kwa kawaida hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Muulize wakili yeyote wa Tabora dhamana ya kesi hizo inavyosumbua. Gari likisimamishwa njiani, hakuna atakayeuliza ni nani aliyefyatua na ni nani mwalimu aliyebeba mfuko. Na yule bwana wa stetasi amejiandikia hati ya mashtaka mwenyewe, picha na tarehe vikiwa ndani.

Zaidi ya kanga, kuna bunduki. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake. Shotgani haiazimwi kama baiskeli. Siku mgeni akijikwaa gizani na mtutu ukaelekea kwa shemeji yako, atakayejibu ni mkweo. Hili liweke akilini, nitalirudia, kwa sababu ndilo litakalokutoa.

Sasa haki ya kuudhika. Unayo, na nitakupa sababu ambazo utaweza kumpa shemeji yako anayecheka.

Risasi ya shotgani hutoa marisawa mengi yanayotawanyika kadiri yanavyokwenda. Mwindaji wa ndege anayeijua kazi yake hafyatui mbali zaidi ya mita thelathini na kitu, na humchagua ndege mmoja. Akifyatua kwenye tawi lenye kundi hachagui. Wawili walio katikati wanakufa, na wa pembeni wanapata punje moja ya mguu, moja ya tumbo, wanaondoka nazo. Hao huwaoni kwenye boneti. Wanakufa kesho au keshokutwa, au fisi na paka pori wanawamaliza. Kwa hiyo anayejisifu amepata kumi huenda ameua zaidi ya hao kumi, na hawezi kukutajia idadi kwa sababu hakubaki kuhesabu. Mzee wako alipowatafutisha kwale kwenye miiba mpaka jua kali alikuwa anawafundisha kitu ambacho hakimo kwenye kibali chochote: ndege uliyemjeruhi ni wako tayari, umpate usimpate. Anaingia kwenye hesabu yako ya siku. Ndiyo maana hakufyatua tena.

Kuna na dini humo. Tabora wengi wetu ni Waislamu, na ndege aliyepatikana hai lazima achinjwe. Kisu kinakaa kiunoni na miguu inawahi. Ndege wa usiku aliyeokotwa asubuhi amekauka, mchungulie sheikh wako usoni ukimuuliza habari zake.

Halafu usiku wenyewe. Kanga hushinda chini, lakini jioni hupanda miti, na kundi likiupenda mti hurudi hapo siku baada ya siku. Mti wa kulala ndiyo nyumba yao. Mchana kanga ana macho mengi ya wenzake, ana mbio na ana sauti ile ya kuita inayoamsha pori zima. Hapo mwindaji anatafuta na ndege anakimbia, kila mmoja ana nafasi. Ukimfuata kitandani na kurunzi umemnyang'anya vyote. Marekani walikuwa na njiwa wa mwituni ambao makundi yao yalifunika jua, idadi yao ikitajwa kwa mabilioni. Watu wakajua wanapolala na wanapotaga, wakawafuata huko usiku kwa magongo, moshi na bunduki, na masoko ya mijini yakawa yanangoja. Wa mwisho, jike waliyemwita Martha, alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kanga wetu ni wengi, sikutishi. Ila mti mmoja wa kulala unaweza kumalizwa msimu mmoja, na watoto wa kijiji chenu wakabaki kusikia kanga wa kijiji cha pili.

Kuhusu mahindi: kanga anafukua mbegu Novemba na Desemba, mvua zinapoanza. Huyo mnayempiga Agosti hana kesi na shamba lenu. Miezi iliyobaki anakula panzi, mchwa, kupe na mbegu za magugu, kazi ambayo shemeji yako hajawahi kumlipa. Tena mvua ndiyo majira yake ya kuzaa. Anataga chini, nyasini, mayai sita, nane, hata kumi na mawili, na kuyalalia karibu wiki nne. Wakati huo anayetaka kulinda shamba awaamshe watoto wapige madebe, bunduki ikae ndani.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na wenye adabu zao za Ulaya. Huko mwindaji wa kwale au wa ndege wa milimani anayempiga ndege akiwa chini anaonekana mshenzi. Lazima ndege awe hewani. Ni kanuni nzuri kwao. Wanawinda na mbwa wanaotangulia majanini, na anayelenga chini atampiga mbwa wa mwenzake. Ukiiondoa sababu hiyo, kanga mmoja aliyesimama peke yake kwenye udongo mtupu, mita ishirini na tano, hufa mara moja kuliko anayeruka juu ya kichwa cha mtu mwenye haraka. Ninachokitaka kwako ni kujua kilicho nyuma yake. Mbuga za Sikonge zina watoto wa ng'ombe, wachungaji waliokaa chini ya mti, na mizinga.

Na mzinga huo uliotobolewa nitaufikia.

Kwanza mkweo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umemwogopa bure. Unadhani unakwenda kumfundisha mzee adabu ya kuwinda. Yeye ndiye aliyekufundisha wewe! Mtu anayempelekea mwenye shamba kanga wa kwanza hajaisahau adabu kwa sababu ameonyeshwa kurunzi. Amenyamaza kwa sababu mgeni ndiye mwenye mbolea. Msimu wa tumbaku ni mrefu, mabani ya kukaushia yanataka kuni, shamba linataka dawa, na mtu aliyekukopesha vyote hivyo akikuambia "mzee, leo twende usiku" unatafuta neno la kumkatalia hulipati. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja na mwenyeji anaugua kimoyomoyo. Anachokihitaji mkweo ni mlango wa kutokea bila kumfedhehesha anayemdai. Mpe mlango.

Mlango ni ile leseni. Mgeni akiambiwa "unawinda vibaya" atanuna. Akiambiwa "mzee akikutwa umeishika bunduki yake ananyang'anywa, na wewe unaingia naye ndani", hilo halimtukani mtu. Mfanyabiashara anaijua hasara anapoiona.

Wa kulisema si wewe. Mtafute mshenga aliyepeleka posa yako. Watu wanadhani kazi ya mshenga inaisha siku ya harusi. Haiishi, na kwa wakwe ndiyo kwanza inaanza. Mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na yule kanga wa bawa lililoning'inia. Aende kwa mzee jioni, wakiwa wawili, aseme: "Mzee, vijana wako wana hofu na leseni yako. Mwalimu ameajiriwa na Serikali, hawezi kuonekana kwenye gari lile. Na maneno ya nyara yameanza kusemwa sokoni." Basi. Asimtaje mgeni kwa ubaya. Mzee atayamalizia mwenyewe. Ikiwa mzee ana mtani wake wa siku nyingi, huyo naye ni dawa kali: mtani anaweza kumwambia hadharani kwamba siku hizi anawinda kama mwizi wa kuku, na wote wakacheka, na neno likawa limefika. Wewe ni Mzaramo, utani unaujua, lakini usijaribu. Ukoo wa ndoa umekufunga mdomo kwa watu hao.

Mgeni akiendelea kuja, mpeni kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aambiwe nyumba hii hutoka alfajiri, kwa miguu, bunduki anabeba mwenye leseni, na ndege akijeruhiwa kila mtu anaingia kwenye miiba pamoja na yeye. Nawajua wawindaji wa boneti. Wengi hawarudi kwa miiba.

Kuna Mmarekani, Aldo Leopold, aliyewinda ndege maisha yake yote na kufundisha usimamizi wa wanyamapori chuo kikuu hadi alipofariki mwaka 1948. Walimu wetu wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walipenda kumtaja. Hoja yake ilikuwa kwamba mwindaji, tofauti na mchezaji wa mpira, hana watazamaji wa kumpigia makofi wala wa kumzomea; anachofanya porini anakijua yeye na dhamiri yake. Namkubali, ila angekuja Sikonge angeona mambo kidogo tofauti. Hapa mwindaji hatembei peke yake. Ana mbeba mfuko, na mbeba mfuko anaona. Ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya bila kujua, na nadhani ndiyo maana mzee amekuwa akikuchukua.

TAWA. Mkeo yuko sahihi siku zote mbili. Mpeni mshenga nafasi yake, moja tu. Mambo ya kurunzi yakirudi baada ya hapo, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uzungumze na afisa, na usijione umemsaliti baba yake. Aliyemsaliti ni anayewauza kanga kwa kibali cha mtu mwingine. Kuuza nyamapori kuna taratibu na vibali vyake, na boneti si bucha. Na mkiwa kwenye mazungumzo hayo, mzee akumbushwe kuhusu Ugalla. Wazee wengi wanaikumbuka kama pori la akiba, mahali ambapo mtu mwenye kibali aliweza kuwinda. Tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kibali cha kanga hata mmoja. Upande wa Ipole napo kuna jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya vijiji, inabidi waulizwe kwanza.

Kwale yule alikuwa wa rafiki wa mzee. Aliyevunja bawa ndiye mwenye ndege, na anayemmalizia anamsaidia kazi, kisha anamkabidhi. Mkifyatua pamoja na haijulikani ni ya nani iliyompata, wa kwanza kusema "ni wako" ndiye atakayealikwa tena. Watu wazima wawili kugombea nyama ya kushiba mtoto mmoja, kweli mpwa wangu, hilo nalo lilihitaji barua?

Jikoni nina mawili tu. Yatoeni marisawa yote kabla nyama haijaingia chunguni, pasueni palipotobolewa na mtupe nyama iliyosagika, kwa sababu marisawa mengi ni ya madini ya risasi na kwa watoto ni sumu. Manyoya na matumbo yafukieni. Kanga hupata mdondo kama kuku, na mabaki yaliyotupwa uani yanaweza kuwaletea kuku wa mama mkwe balaa.

Mwenye mzinga nenda kwake wewe mwenyewe, wiki hii, usingoje mshenga. Mwambie mzinga ulitobolewa usiku watu wakiwinda, na wewe ulikuwepo. Mpelekee mzinga mpya au fedha ya kutengenezesha, kadiri atakavyosema. Atakuuliza ni nani aliyefyatua. Mjibu kwamba umekuja kwa ajili ya mzinga. Kijiji cha Sikonge hakihitaji jina zaidi ya hapo, nyuki wake watakuwa wameshalijua.

Bunduki yako mwenyewe? Maombi huanzia serikali ya kijiji na hupita kwa polisi, na watataka kujua unaihitajia nini na utaihifadhi wapi. Nyumba za walimu nazijua. Kama huna kabati la chuma lililofungwa ukutani, na watoto wako bado wanapanda juu ya kila kitu, endelea kubeba mfuko.